Kompyuta za kwantamu na usalama wa data: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina mbili: wanaohofia kwamba siku moja wataamka wakute hela zao za kwenye simu zimeyeyuka, na mafundi wa ofisini ambao bosi kasoma kichwa cha habari, sasa anataka majibu kabla ya saa sita mchana. Nimewajibu wote hapahapa, kwa hiyo ruka unayoyajua.

Je, kompyuta ya kwantamu imeshavunja usimbaji (kuficha data ili asiye na ufunguo asiisome) unaolinda benki na intaneti?

Hapana. Hakuna mashine ya kwantamu inayojulikana hadharani iliyovunja ufunguo unaotumika kazini. Mafanikio makubwa ya kuvunja namba za RSA, mojawapo ya njia maarufu za usimbaji, bado ni ya kompyuta za kawaida: Februari 2020 timu ya watafiti ilifanikiwa kuigawanya namba yenye tarakimu 250, sawa na biti 829, katika namba tasa mbili zilizoizaa. Funguo za RSA za tovuti huanzia biti 2048, na pengo kati ya 829 na 2048 si la kuzibwa kwa kununua kompyuta nyingi zaidi.

Kompyuta ya kwantamu ni kompyuta yenye kasi sana tu?

Hapana, na hili ndilo linalowapotosha wengi. Kwa kuandika barua, kucheza video au kupiga mahesabu ya mishahara, haina faida yoyote.

Kompyuta uliyonayo huhifadhi kila kitu kwa biti, na biti ni 0 au 1, basi. Kyubiti, yaani biti ya kwantamu, inaweza kuwa katika mchanganyiko wa hali hizo mbili, na kyubiti nyingi zikiunganishwa mchanganyiko wao hubeba hali nyingi mno kwa pamoja. Hapo ndipo waandishi wa habari huteleza na kusema mashine "inajaribu majibu yote kwa mpigo". Ingekuwa hivyo tungekuwa tumekwisha. Ukiisoma kyubiti mchanganyiko huvunjika, unaambulia jibu moja tu la bahati nasibu. Ufundi wote uko katika kuipanga hesabu ili majibu yasiyo sahihi yafutane yenyewe kwa yenyewe, na lililo sahihi libaki na nafasi kubwa ya kutokea. Upangaji huo unawezekana kwa matatizo machache tu yenye umbo maalumu. Bahati mbaya ni kwamba mojawapo ndilo tulilolijengea usalama wa intaneti.

Kinachovunjika ni kipi hasa?

Usimbaji una familia mbili. Ya kwanza hutumia ufunguo mmoja ambao pande zote mbili wanao. AES ndiyo maarufu. Ya pili ina funguo mbili, mmoja wa umma unaotangazwa kwa kila mtu na mwingine wa siri unaobaki kwako. Humo wamo RSA, Diffie-Hellman na ECC.

Unapofungua tovuti ya benki, familia ya pili hufanya kazi mwanzoni tu, kwa muda usiofika hata sekunde. Inathibitisha kwamba seva uliyoifikia ni ya benki kweli, kisha inawawezesha nyinyi wawili kukubaliana ufunguo wa AES bila kuwahi kukutana. Kuanzia hapo AES ndiyo inayobeba mzigo wote. Kwantamu inaipiga familia ya pili, yaani pale mlangoni.

RSA ilitangazwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman wa MIT, na inasimama juu ya jambo ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kulijaribu. Zidisha namba tasa mbili, 61 na 53. Unapata 3233, kazi ya nusu dakika kwa kalamu na karatasi. Sasa mpe mwenzako hiyo 3233 peke yake, mwambie atafute namba tasa mbili zilizoizaa. Atahangaika. Zifanye namba zenyewe ziwe na tarakimu zaidi ya 300 kila moja, na kompyuta zote za kawaida duniani zitahangaika bila kumaliza.

Mwaka 1994 Peter Shor, mwanahisabati wa Bell Labs huko Marekani, alionyesha njia ya mzunguko. Yeye hatafuti vigawo moja kwa moja. Anatafuta mtindo unaojirudia. Mfano mdogo kabisa ni wa 15. Chagua namba, tuseme 7. Andika 7, kisha endelea kuzidisha kwa 7, kila mara ukigawanya kwa 15 na kuandika baki peke yake: 7, 4, 13, 1, halafu tena 7, 4, 13, 1. Mtindo unajirudia kila hatua 4. Chukua nusu ya hatua hizo, yaani 2, kwa hiyo andika 7 mbili uzizidishe, 7 × 7: 49. Punguza 1 upate 48, ongeza 1 upate 50. Sasa tafuta KKS, kama tulivyofundishwa. KKS ya 48 na 15 ni 3. KKS ya 50 na 15 ni 5. Na 15 ni 3 mara 5.

Kwa namba kubwa, kuujua huo mtindo unajirudia baada ya hatua ngapi ndiko kunakoishinda kompyuta ya kawaida, maana hatua zenyewe hazihesabiki. Lakini kitu kinachojirudia ndicho hasa kyubiti zinachokiona vizuri: hatua zisizolingana na mtindo zinafutana, urefu wa mtindo unajitokeza. Mwaka 2001 watafiti wa IBM waliipiga hesabu hiihii ya 15 kwa mashine ya kyubiti 7. Diffie-Hellman na ECC nazo zinaanguka kwa njia ya jamaa yake, aliyoieleza Shor katika kazi ileile. Tena ECC, kwa sababu funguo zake ni fupi, inakadiriwa kuhitaji mashine ndogo kuliko RSA ya biti 2048. Watu waliohama RSA kwenda ECC wakidhani wameikimbia kwantamu wamehamia chumba cha pili katika nyumba ileile.

Na AES? Na nywila zangu?

Hizo zinatikiswa tu. Mwaka 1996 Lov Grover, naye wa Bell Labs, alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu inaweza kutafuta ufunguo kwa kubahatisha mara chache zaidi: badala ya majaribio yote, kipeuo chake cha pili. Kwenye karatasi, AES-256 inabaki na nguvu ya biti 128, ambayo ni nyingi mno, na AES-128 inabaki na 64. Kazini hali ni nafuu kuliko hapo, kwa sababu hatua za Grover lazima zifuatane moja baada ya nyingine, na kugawa kazi kwa mashine nyingi hakusaidii sana. Mwenye wasiwasi atumie AES-256 alale.

Nywila huhifadhiwa kwa hashi, yaani hesabu ya kwenda bila kurudi, na hashi ziko katika kundi hilihili la kutikiswa. Nywila ya "123456" haihitaji kwantamu.

Nilisoma kwamba Wachina wameshavunja usimbaji wa kijeshi.

Hicho kilikuwa kichwa cha habari cha Oktoba 2024, kikazunguka kwenye magrupu kwa wiki kadhaa. Kazi yenyewe ilikuwa ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Shanghai, waliotumia mashine ya kwantamu ya kampuni ya D-Wave kuigawanya namba ya RSA yenye biti 22. Namba ya biti 22 haifiki 4,194,304. Simu yako inaigawanya kabla hujatoa kidole kwenye kioo. Watafiti hawakudanganya, walioongeza chumvi ni waliowanukuu.

Ukikutana na habari ya aina hii, tafuta biti ngapi. Isipotajwa, achana nayo.

Basi imebaki miaka mingapi?

Hakuna anayekupa mwaka kwa uhakika, na anayekupa mara nyingi ana kitu cha kuuza. Kinachoweza kupimwa ni makadirio ya ukubwa wa mashine inayohitajika, nayo yanashuka. Mwaka 2019 Craig Gidney wa Google na Martin Ekerå wa Uswidi walikadiria kwamba kuvunja RSA-2048 kungetaka kyubiti milioni 20 na saa 8. Mei 2025 Gidney akatoa hesabu mpya: chini ya kyubiti milioni 1, kwa muda usiofika wiki moja. Punguzo hilo halikutokana na kudhani kwamba mashine zimekuwa bora zaidi. Ni ujanja wa hesabu ndio uliokua. Mimi hicho ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko matangazo ya mashine.

Upande wa mashine, IBM ilitangaza Condor yenye kyubiti 1,121 mwaka 2023, na Google ikatangaza Willow yenye 105 Desemba 2024. Usiseme Condor ni mara kumi ya Willow ukaishia hapo. Kyubiti za leo hukosea mara kwa mara, kwa joto, kwa mtikisiko, kwa kugusana na dunia tu, kwa hiyo lazima nyingi zishikane ili kutengeneza moja ya kuaminika. Willow ilisifiwa kwa sababu walipolipanua kundi la kyubiti zinazosahihishana, makosa yalipungua karibu nusu kila hatua badala ya kuongezeka. Hilo lilikuwa limesubiriwa kwa karibu miaka 30.

Serikali zimeamua kutosubiri. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa rasimu Novemba 2024 inayopendekeza RSA-2048 na wenzake wasishauriwe tena baada ya 2030 na wapigwe marufuku baada ya 2035. Uingereza nayo, Machi 2025, iliweka vituo vitatu: 2028 uwe umejua unacho nini, 2031 uwe umehamisha mifumo nyeti, 2035 uwe umemaliza.

Kama mashine haipo, haraka ya nini?

Kwa sababu ya wizi unaoitwa "vuna sasa, fungua baadaye". Mtu anakunyakulia sanduku lililofungwa, hawezi kulifungua leo, basi analiweka stoo akisubiri msumeno. Data iliyosimbwa ikinakiliwa njiani leo inaweza kukaa kwenye diski miaka 15, na diski ni rahisi.

Hili si la kufikirika. Mwaka 2013 nyaraka za Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi kwa majasusi wa Marekani, zilifichua mpango wa Waingereza ulioitwa Tempora, wa kunyonya data kutoka kwenye nyaya za faiba zinazopita chini ya bahari. Sisi wa pwani hii tumekuwa tukitegemea nyaya za namna hiyo tangu SEACOM na TEAMS zilipofika 2009 na EASSy 2010. Barua pepe kutoka Dodoma kwenda kwa mwanasheria aliyeko London inapita humo. Hata ya kutoka Dodoma kwenda Mwanza inaweza kupita humo, kama seva ya barua iko Ulaya.

Swali basi ni siri yako inatakiwa idumu muda gani. Namba ya uthibitisho uliyotumiwa na benki inakufa baada ya dakika chache; aliyeivuna amevuna hewa. Namba ya kadi inaisha na kadi. Lakini faili la mgonjwa mwenye VVU wa miaka 20 linatakiwa libaki siri maisha yake yote. Vivyo hivyo majina ya watu waliompa mwandishi wa habari nyaraka, na mazungumzo ya serikali kuhusu mkataba wa gesi wa miaka 25. Na alama za vidole, tulizozitoa kwa ajili ya vitambulisho na kusajili laini, hazina kubadilishwa.

Michele Mosca wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliiweka kwa hesabu ya kujumlisha. Chukua miaka ambayo siri inatakiwa idumu, ongeza miaka itakayokuchukua kubadilisha mifumo yako. Jumla ikizidi miaka iliyobaki kabla ya mashine kuja, umeshachelewa. Hospitali yenye mafaili ya kulindwa miaka 30, na ambayo itachukua miaka 5 kubadilisha mfumo, inahitaji mashine hiyo isije kwa miaka 35. Nani atawaahidi hivyo?

Hela zangu za M-Pesa ziko salama?

Kwa upande wa kwantamu, ndiyo, kuliko watu wanavyodhani. Laini yako ina ufunguo wa siri ambao nakala yake iko kwa kampuni ya simu, nao ni wa familia ile ya kwanza, ya ufunguo mmoja. Shor hana la kuufanya. Programu ya benki kwenye simu inatumia familia ya pili pale mlangoni, kwa hiyo hiyo itabidi benki iisasishe, na wewe utaona sasisho kama masasisho mengine yote.

Ajabu ni kwamba usimbaji wa zamani wa hewani wa simu za 2G, A5/1, uko hoi tangu zamani bila kwantamu yoyote. Mwaka 2009 Karsten Nohl wa Ujerumani na wenzake walitangaza majedwali ya kuuvunja kwa kompyuta za kawaida. Na bado wezi wengi hawahangaiki hata na huo. Wanatuma "ile hela tuma kwenye namba hii", wakingoja mmoja kati ya elfu awe kweli alikuwa karibu kutuma kodi ya nyumba. Au wanakupigia wakijifanya huduma kwa wateja, wanakutajia majina yako yote matatu, sauti imetulia, halafu wanaomba namba ya siri. Mwizi anayeweza kupewa ufunguo na mwenye nyumba hana sababu ya kununua mashine ya mabilioni.

Kuna programu za ujumbe zilizokwisha kujikinga?

Zipo. Signal iliongeza kinga ya kwantamu katika kukubaliana funguo Septemba 2023. Apple ilitangaza PQ3, kinga kama hiyo kwa iMessage, Februari 2024. Kwenye vivinjari, Chrome iliwasha kinga hiyo kwa watumiaji wote wa kompyuta kuanzia toleo la 124, Aprili 2024. Huenda unaitumia sasa hivi bila kujua.

Ukitaka kuiona kwa macho, fungua tovuti kubwa kwa Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya usalama, usome maelezo ya muunganisho. Ukiona neno refu X25519MLKEM768, hapo pana kufuli mbili: X25519 ni ECC ya zamani, MLKEM768 ni ngao mpya. Ukiona X25519 peke yake, tovuti hiyo bado.

Hizi algoriti mpya zimetoka wapi?

NIST iliita mashindano mwaka 2016. Watafiti wa dunia nzima walipeleka mapendekezo, 69 yakapokelewa kuwa yamekamilika, halafu yakawekwa hadharani kila mtu ajaribu kuyavunja. Agosti 2024 zikatoka sanifu tatu: FIPS 203, yaani ML-KEM, ya kukubaliana funguo; FIPS 204, yaani ML-DSA, ya saini za kidijitali, zinazothibitisha ujumbe umetoka kwa nani; na FIPS 205, yaani SLH-DSA, ya saini pia lakini iliyojengwa juu ya hashi peke yake.

ML-KEM haitumii kwantamu popote. Inakimbia kwenye kompyuta na simu hizihizi. Wazo lake unaweza kulishika kama uliwahi kutatua milinganyo ya x na y sekondari. Ukiwa na milinganyo ya kutosha unaondoa mmojammoja mpaka x ibaki peke yake. Sasa weka mamia ya herufi badala ya mbili, na kila jibu liongezwe au lipunguzwe kitu kidogo ambacho hukuambiwa. Ukianza kuondoa, vikosa vile vidogo vinajumlishana hatua kwa hatua mpaka vinaizamisha hesabu yote. Mwenye ufunguo wa siri ana njia ya kuvipunguza. Wengine, wenye kwantamu au wasio nayo, hawajaipata.

Tutajuaje kwamba nazo hazitavunjwa?

Hatujui kwa uthibitisho wa kihisabati, kama ambavyo hatukuwahi kuujua kwa RSA. Na washindani wawili walianguka vibaya, wakiwa wamefika mbali. Mapema 2022 Ward Beullens alionyesha kwamba Rainbow, iliyokuwa fainali ya saini, inavunjika mwisho wa wiki mmoja kwa laptopu. Miezi michache baadaye Wouter Castryck na Thomas Decru wa Leuven, Ubelgiji, wakaivunja SIKE kwa takriban saa moja, kompyuta ya kawaida, kiini kimoja. Hakukuwa na kyubiti hata moja.

Wapo wanaolichukua hilo kama aibu. Mimi naliona kuwa ndilo lililokuwa lengo la kuziweka hadharani. Ndiyo sababu pia wahandisi huweka mbili pamoja, ECC na ML-KEM, ufunguo wa mwisho ukitoka kwa zote: mshambuliaji lazima avunje zote mbili. Na Machi 2025 NIST ilichagua HQC iwe akiba ya ML-KEM, kwa kuwa hesabu yake ni ya asili tofauti.

Je, mitandao yetu ya taratibu itaweza kuzibeba?

Mzigo unaongezeka. Ufunguo wa umma wa X25519 ni baiti 32. Wa ML-KEM-768 ni 1,184. Saini ya ECC ni baiti 64. Ya ML-DSA, ile ndogo yake, ni 2,420. Kwa kukubaliana funguo hutaona tofauti, hata kwa 3G ya kijijini: ni kilobaiti mbili na kidogo kwa muunganisho mzima, wakati picha moja ya gazeti ni mamia.

Tatizo linalojitokeza liko kwenye vifaa. Salamu ya kwanza ya kivinjari, iliyozoea kuingia kwenye pakiti moja, sasa inahitaji mbili, na kuna faiawoli na vifaa vya zamani vilivyoandikwa vikidhani itakuwa moja daima. Vikipokea nusu ya kwanza, vinakata. Mtumiaji anaona tovuti haifunguki kwa Chrome mpya huku kwa kompyuta ya zamani inafunguka, na fundi anahangaika na DNS siku nzima. Ukikutana na dalili hiyo, angalia toleo la programu ya faiawoli kwanza.

Saini ndiyo itakayouma zaidi, kwa kuwa kila tovuti hutuma saini kadhaa ndani ya vyeti vyake.

Vipi Bitcoin?

Bitcoin haisimbi kitu. Inatumia saini za ECC kuthibitisha mwenye mali. Anayepata ufunguo wa siri kutoka kwenye ufunguo wa umma anahamisha sarafu. Anwani nyingi huficha ufunguo wa umma nyuma ya hashi mpaka utakapotumia mara ya kwanza, lakini sarafu za miaka ya mwanzo nyingi zilitumwa kwa ufunguo wa umma ulio wazi, na uko wazi mpaka leo. Anayerudiarudia anwani moja naye amejianika. Kubadilisha algoriti kunawezekana kiufundi. Kazi ni kuwafanya watu wasio na kiongozi wakubaliane, hasa juu ya sarafu za watu waliokufa au waliopoteza funguo.

Nasikia kuna usimbaji wa kwantamu wenyewe, usiovunjika.

Hicho ni kitu kingine: kugawana funguo kwa chembe za mwanga, wazo la Bennett na Brassard la mwaka 1984. China ilirusha setilaiti ya Micius mwaka 2016 kwa majaribio ya aina hiyo. Fizikia yake ni nzuri sana. Lakini inataka vifaa maalumu kila upande, haikuthibitishii unaongea na nani, na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, haiipendekezi kwa mifumo ya usalama wa taifa lao. Kwa ofisi ya kawaida, pita.

Pasipoti yangu ya kielektroniki?

Chipu yake ina taarifa zilizosainiwa na serikali kwa RSA au ECC. Hapa hakuna cha kuvuna, lakini siku ufunguo wa kusainia ukifichuliwa, mtu anaweza kutengeneza chipu yenye jina lolote. Kenya ilianza kutoa pasipoti hizi 2017, Tanzania 2018, na zinadumu miaka 10. Inayotolewa 2026 itaisha 2036, mwaka mmoja baada ya tarehe ya NIST. Wanaoandika zabuni za vitambulisho na pasipoti wana haraka kuliko wewe mwenye kubeba.

Mimi ni fundi wa IT. Nianzie wapi?

Usianze kwa kununua. Anza kwa kuorodhesha mahali ambapo RSA na ECC zipo: tovuti, barua pepe, VPN, SSH, vyeti vya ndani, programu za simu, mashine za POS, chelezo (nakala za akiba). Chelezo husahaulika. Faili limesimbwa kwa AES-256, vizuri, ila ufunguo wa AES umefungwa kwa RSA na kuwekwa pembeni ya faili hilohilo.

Kisha hakikisha seva zako zinazungumza TLS 1.3, toleo jipya la itifaki inayofunga muunganisho wa tovuti. Kukubaliana funguo kwa njia mpya hakuwekwi kwenye TLS 1.2, kwa hiyo seva iliyogota huko haina pa kuanzia. OpenSSL 3.5, iliyotoka Aprili 2025, ina algoriti zote tatu za NIST. Kwa SSH andika `ssh -V`: kuanzia OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022 kinga ya kwantamu iko kwa chaguo-msingi, na kuanzia 10.0 ya 2025 chaguo-msingi ni ML-KEM. Ukiona 7 au 8, unajua la kufanya Jumamosi.

VPN zina njia ya mkato. WireGuard inakubali ufunguo wa pamoja wa ziada kati ya pande mbili, na IPsec ina njia yake kupitia RFC 8784. Ufunguo huo ni wa familia ya kwanza, unaupeleka kwa mkono au kwa njia nyingine salama, na aliyerekodi mazungumzo hataweza kuyafungua kwa Shor peke yake. Kwa matawi manne ya ofisi hiyo ni kazi ya siku moja.

Vyeti na saini viache kwa baadaye kidogo. Mashine isiyokuwepo haiwezi kughushi saini ya jana, lakini inaweza kufungua barua ya jana. Isipokuwa vifaa vinavyokaa miaka 15 ukutani bila kuguswa: hivyo ulizia sasa namna vinavyothibitisha masasisho yake.

Sheria zetu zinataka nini?

Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 zinadai anayetunza taarifa za watu achukue hatua za usalama zinazofaa. Kinachofaa kinabadilika na wakati. Mwaka 2035 wakili atauliza kwa nini ulikuwa bado unatumia kitu kilichotangaziwa kustaafu tangu 2024.

Na mimi mtu wa kawaida?

Kubali masasisho ya simu. Simu isiyopokea masasisho tena usiitumie kwa benki. Mengine si yako.

Kuna kampuni imetuletea "ulinzi kamili wa kwantamu" kwa bei nzuri. Tununue?

Waulize maswali mawili kwa maandishi. La kwanza: bidhaa inatumia FIPS 203, 204 au 205, na katika sehemu ipi? La pili: ikibidi kubadilisha algoriti mwaka kesho, kama ilivyotokea kwa SIKE, tutapewa sasisho au tutanunua mashine upya? Wakijibu kwamba algoriti yao ni siri ya kampuni, washukuru kwa muda wao na urudi kwenye orodha yako ya TLS 1.2.